Lori Juu ya Meza ya Cherehani

Kompyuta ile ilikuwa yangu. Naanza na hilo kwa sababu mume wangu, akisimulia habari hii mbele za watu, husema "kompyuta yetu", nami hunyamaza kwa heshima ya wageni. Niliinunua mwenyewe kwa kazi yangu ya ushonaji, ili wateja wachague mitindo ya abaya na magauni ya harusi kwenye kioo badala ya kunichania magazeti. Ilikuwa nyembamba na nyepesi. Niliibeba kwenye mkoba kutoka nyumbani Malvern hadi kibandani kwangu Fordsburg, na mara nyingine nilisimama njiani kufungua mkoba nihakikishe kama ipo. Kuonyesha picha iliweza, kupiga kaswida iliweza. Zaidi ya hapo haikuahidi kitu, nami sikuidai.

Mwaka 2019 ulipoanza, mume wangu alikuwa na miezi mitatu hajashika usukani. Yeye ni dereva wa malori ya masafa. Tangu tulipohamia Johannesburg kutoka Tanga alikuwa akienda Kongo na kurudi: anapanda na mitambo ya migodini, anavuka Zimbabwe na Zambia, anaishusha Likasi au Kolwezi, anarudi na shaba. Mwishoni mwa mwaka uliotangulia, akirudi na mzigo, lori lake lilitoka barabarani kwenye mteremko mmoja kati ya Likasi na Lubumbashi, likalala mtaroni. Hakufa mtu. Yeye alivunjika mfupa wa bega, mfupa ukaunga, na daktari akamwandikia kwamba anaweza kurudi kazini.

Tatizo lilikuwa mkono wa kulia, ule anaouacha kwenye usukani wakati wa kubadilisha gia. Akishika kikombe cha chai, umetulia. Akinitungia uzi kwenye sindano, umetulia kuliko wangu. Lakini tukipanda teksi, yaani hivi vibasi vya abiria vya hapa mjini, naye akakaa mbele karibu na dereva, mkono ulianza kutetemeka na hakuweza kuuzuia. Akawa anakaa kiti cha nyuma. Baadaye akaacha kupanda kabisa, akawa anakwenda kila mahali kwa miguu, na mahali pasipofikika kwa miguu hakwenda.

Kampuni yake ilimvumilia, na hilo nalisema kwa haki. Msimamizi wa madereva alimwambia arudi baada ya Idi, atampeleka barabarani na trela lenye mzigo amwone. Akifaulu, atapewa tena njia yake ya Kongo. Akishindwa, atabaki yadi kufungua geti. Namjua mume wangu. Kumweka getini awafungulie wenzake watoke na malori huku yeye anabaki na funguo, ni kumzika akiwa amesimama.

Wazo la mchezo wa kuendesha lori lilinijia kwa fundi wangu wa kompyuta, dada mmoja Mkenya aliyekuwa na duka dogo Fordsburg. Nilikwenda kubadilishiwa chaja. Kwenye kompyuta yake kubwa, ile ya chini ya meza yenye mataa, palikuwa na lori linakwenda kwenye mvua. Vifuta kioo vinafanya kazi, vioo vya pembeni vinaonyesha trela nyuma, na kulikuwa na usukani wa plastiki umefungwa mezani. Nilisimama pale nikasahau chaja. Nilimuuliza kama mchezo ule unaweza kuingia kwenye kompyuta yangu.

"Hii, mama?" alisema, akaigeuza huku na huku. "Hii ni ya kuandikia barua."

Mimi ni mbishi, nalikiri. Nilimlazimisha auweke. Ilichukua nusu siku, na ulipofunguka lori lilikuwa linakwenda kwa vipande: liko hapa, halafu liko pale, katikati hujui limepita wapi. Kompyuta ikapata moto chini mpaka ningeweza kunyooshea kola. Nilipoona ukingo wa plastiki unaanza kunuka, mwenyewe nilimwambia azime.

Ndipo akanieleza habari ya wingu. Kuna kampuni changa hapa hapa Johannesburg, alisema, wana jengo lililojaa kompyuta zenye nguvu, na wanazikodisha. Mchezo unachezwa kule kwao. Wewe nyumbani unaletewa picha tu kupitia intaneti, na unapokata usukani, ule mkato wako unasafirishwa kwenda kwao. Alidhani nitahitaji kuelezwa mara tatu. Lakini sisi mafundi cherehani tunaishi hivyo. Mimi sikuwa na mashine ya ovaloki, ile ya kufunga nyuzi za pembeni kitambaa kisifumuke. Mashine hiyo ni nzito na ina kelele. Alikuwa nayo mzee mmoja ukumbi wa pili pale sokoni, nami nilimpelekea vipande, akavipiga, vikarudi. Nguo ni yangu, mteja ni wangu, kazi nzito inafanyika kwingine. Nilimwambia yule dada nimeelewa, aniunganishe.

Tulikuwa tayari na waya wa intaneti kwenye jengo letu, tukichangia na jirani wa juu. Usukani nilipata uliokwisha kutumika, na pedali zake. Pa kuufunga palikuwa mahali pamoja tu, napo ni kwenye meza yangu ya cherehani. Basi upande wa kushoto cherehani, upande wa kulia usukani, katikati kompyuta, na vitambaa vya watu nikavihamishia kitandani.

Mume wangu alirudi kutoka msikitini, akaona, akacheka kwa namna ambayo sikuipenda. Aliniambia mtu mwenye leseni ya trela miaka ishirini hawezi kukaa mbele ya mdoli. Akaenda dirishani kwenye kiti chake. Sikubishana naye. Nilikaa mimi.

Sijawahi kuendesha hata baiskeli. Siku ya kwanza nilitoka kwenye yadi ya mchezo nikiwa nimeburuta uzio. Siku ya pili niliingia kituo cha mafuta nikang'oa pampu. Nilikuwa naendesha vibaya kwa sababu sijui, lakini pia nilikuwa naendesha vibaya makusudi, na kila nilipogonga nilisema "eh!" kwa sauti ili asikie. Nilimwona kwa pembe ya jicho anageuza kichwa, anarudisha, anageuza tena. Siku ya tatu nilikuwa napanda mlima na gia isiyo yake, injini inalia kama mtu anayekabwa. Akasimama.

"Toka hapo, mama watoto," alisema. "Unaliua lori la watu."

Nikatoka haraka kabla hajabadili mawazo. Alikaa, akasogeza kiti, akaweka mkono wa kulia kwenye ule usukani wa plastiki. Ulitetemeka. Mimi nilijifanya natafuta mkasi. Akaendesha polepole sana, kilomita ishirini kwa saa, mpaka magari ya mchezo yakaanza kumpigia honi, na mkono ukaendelea kutetemeka mpaka alipozima. Lakini kesho yake, baada ya swala ya alasiri, alikaa tena bila kuambiwa.

Kulikuwa na kasoro moja iliyonikera mno. Kwa kuwa mchezo ulikuwa kule kwenye jengo lao, ukikata usukani lori halikati papo hapo. Linakaa kidogo kana kwamba linafikiri, ndipo linakata. Nilikasirika. Niliona nimeuziwa kitu kibovu, nikashika simu kumpigia yule dada fundi nimpe maneno yake. Mume wangu akanizuia kwa mkono.

"Mwache. Ndivyo linavyokuwa likiwa na tani thelathini," alisema. "Unalikata mapema, halafu unalisubiri."

Hayo yalikuwa maneno yake mengi kuliko yote kuhusu kazi yake tangu alipotoka hospitali. Nilirudisha simu mfukoni.

Siku nyingine kasoro haikuwa ndogo. Picha ilikatikakatika ikawa vigae vya rangi, na lori likajikuta shambani. Nilichunguza nikagundua ni Jumatatu na Jumatano, na saa ni ile ile. Nikapanda juu kwa jirani. Alikuwa mama wa Kikongo, mtu wa Bukavu, msusi wa nywele Jules Street na katibu wa kanisa lake. Siku hizo alikuwa hafungui saluni, na ndizo alizokuwa akipeleka video za ibada ya Jumapili kwenda kwao, video ndefu kweli kweli, na intaneti yetu yote ilikuwa inakwenda nazo. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nilimweleza habari ya mume wangu bila kuficha, mkono na yote. Alinisikiliza, kitana mkononi.

"Mungu alishaiona ile kulte, maman," alisema. "Ni batu ya Bukavu tu njo habayaiona. Batangoya." Yaani ibada yenyewe Mungu ameshaiona; watu wa Bukavu ndio hawajaiona, nao watangoja.

Tangu siku hiyo alisubiri nimpigie hodi ya ufagio kwenye dari ndipo apeleke ibada yake. Mara nyingine aliteremka mwenyewe, akasimama nyuma ya mume wangu na kumsifia barabara za Ulaya. Alidhani zile ni video.

Basi tukazoea. Alasiri mimi nashona, yeye anaendesha, tumebanana meza moja kama wanafunzi. Chini ya meza pedali zangu za cherehani na pedali zake zilikuwa zimekaribiana mno. Siku moja nilikuwa nakimbiza pindo la gauni, nikakanyaga kwa nguvu zangu zote, cherehani haikuenda, na lori likasimama tuli katikati ya barabara kuu na msururu wa magari nyuma. Nilikuwa nimekanyaga breki yake. Alinitazama, nikamtazama, tukacheka mpaka akafuta machozi. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka vile tangu ajali. Hata mgao wa umeme haukutuzuia. Ruta, kile kisanduku cha intaneti, ilikuwa na betri yake ndogo, kompyuta ina yake, na wakati cherehani yangu imekufa na Malvern nzima haina umeme, lori la mume wangu lilikuwa linapanda mlima.

Mkono ulianza kutulia. Kufika mwezi wa nne ule mtetemeko haukuwepo tena, angalau pale mezani. Ningepaswa kushukuru na kunyamaza. Lakini nilianza kuona mambo mawili yasiyonipendeza.

La kwanza, kila siku alichagua barabara ile ile. Mchezo una nchi nzima nzima, una bandari, una miji yenye mataa, na yeye anakwenda mteremko mmoja wa milimani, anashuka, anarudi juu, anashuka tena. La pili ni upande. Barabara za mchezo ule ni za Ulaya, magari yanakwenda kulia. Hapa Johannesburg, kama kwetu Tanga, tunakwenda kushoto, na mtihani wake ulikuwa wa hapa. Yule dada fundi alinionyesha kwamba unaweza kuchagua Uingereza ukaendesha kushoto. Nikachagua. Kesho yake nikakuta mume wangu amerudisha kulia. Nikabadilisha tena, akarudisha tena. Zaidi ya hapo, alimpigia simu yule dada amwekee lori lenye usukani upande wa kulia, kama malori yetu, lakini barabara ibaki ya kulia. Yule dada alinipigia baadaye akiuliza, "Eish, mama, ni nani anaendesha hivyo?"

Ikafika siku nikachoka. Ilikuwa Ramadhani, nimefunga, nina abaya sita za watu za Idi, na mtu ameketi pembeni yangu anashuka mteremko kwa mara ya nne. Nilimwambia kwamba anajichezea. Nikamwambia kwamba msimamizi hatamjaribu Ulaya. Nikamwambia, na hili nalijutia, kwamba kama ana hamu sana ya kufungua geti aseme, nimshonee sare.

Alisimamisha lori pembeni ya barabara, akawasha taa za tahadhari kama vile ni la kweli. Kisha akazungumza akiwa anatazama kioo.

"Lori la mbele lilisimama ghafla. Kulia kwangu kulikuwa na majani matupu, hata jiwe hakuna. Mkono ukaenda kushoto."

Sikuelewa mara moja, ikabidi anieleze. Sisi tuliokulia kwenye barabara za kushoto, hatari ikitokea mbele, tunakwepea kushoto, kwa kuwa huko ndiko kwenye ukingo na majani. Kulia ndiko wanakotoka wengine. Kongo ni kinyume. Ukivuka mpaka pale Kasumbalesa unahamia kulia, na ukingo wako wa kukwepea unakuwa kulia. Yeye alikuwa amevuka mpaka ule miaka kumi na moja bila kukosea. Kichwa kilijua. Lakini siku ile hapakuwa na muda wa kukiuliza kichwa, na mkono ulifanya ulichojifunza Tanga. Aliingia na tani zake zote kwenye upande wa magari yanayopanda.

"Kulikuwa na kibasi kinapanda," alisema. "Kimejaa. Sijui kilipitaje. Nilimwona mama mmoja dirishani, ananitazama."

Kibasi kilipita, yeye akaenda kulala kwenye mtaro wa upande usio wake. Niliwahi kuona picha za lori lile. Msimamizi alikuwa nazo, kampuni ilikuwa nazo. Ripoti iliandika kwamba dereva alikwepa gari lililosimama ghafla, na hiyo ilikuwa kweli. Hakuna aliyeuliza kwa nini alikutwa mtaro wa kushoto, wala mimi mkewe sikuuliza. Miezi saba alikuwa amekaa na yule mama wa dirishani peke yake.

Niliona aibu kwa maneno yangu ya sare. Pia nilikasirika kwamba alinificha, na hasira na aibu zikichanganyika mimi hulia, basi nililia. Yeye akaningoja nimalize. Kisha akasema haogopi kuendesha. Anauogopa mkono wake mwenyewe. Alitaka kuurudisha pale pale, mteremko, barabara ya kulia, usukani wa kulia, mpaka ujue.

Nilimuuliza mkono utajuaje, wakati kwenye mchezo anajua kila kinachokuja? Ile barabara alikuwa ameikariri. Nikaona usoni kwake kwamba hilo hakuwa amelifikiria. Ndipo nikachukua rula yangu ya kupimia vitambaa, ile ndefu ya mbao. Nilimwambia ashuke mteremko wake, na mimi nitakuwa nyuma yake nafanya kazi zangu. Nitakapopiga meza kwa rula, akwepe. Sitamwambia lini.

Mara ya kwanza nilipopiga, mkono ulikwenda kushoto. Mara ya pili kushoto. Lori lilichelewa kufuata, kama kawaida yake, lakini hatukuwa tunalitazama lori. Tulikuwa tunatazama mkono, na mkono haukuchelewa hata kidogo. Aliutazama yeye mwenyewe, nikaona anavyouchukia.

Tuliendelea hivyo Ramadhani yote. Nilipiga akiwa anakunywa maji baada ya futari. Nilipiga akiwa ananisimulia habari za mtu. Nilimuuliza jina la shangazi yake wa tatu na alipofungua kinywa nikapiga. Yule mama wa Bukavu alituma salamu kuuliza kama ndoa yetu ni nzima, maana alikuwa anasikia kipigo. Wiki ya pili mkono ulikuwa unasitasita, unaanza kushoto unarudi kulia. Wiki ya tatu ulikwenda kulia mara nyingi kuliko kushoto. Siku tatu kabla ya Idi nilipiga nikiwa mlangoni, natoka, hata mimi sikuwa nimepanga, na usukani ulizunguka kulia kabla mlio wa rula haujaisha. Nilikwenda zangu sokoni nikiwa nacheka peke yangu.

Asubuhi ya mtihani alivaa shati nililomnyooshea, akanywa chai, akaondoka kwa miguu kwenda kwenye yadi yao City Deep. Nilimsindikiza mpaka ngazini nikimwombea. Nilirudi ndani, nikakaa kwenye cherehani, nikatunga uzi, na hapo ndipo nilipogutuka nikabaki nimeshika sindano hewani. Mtihani ulikuwa wa hapa, barabara za kushoto. Mwezi mzima nilikuwa nimempigia rula mezani ili mkono wake uende kulia. Kama teksi moja ikimkatia mbele leo, na teksi za mji huu hukatia watu mbele tangu alfajiri, mkono utakwenda nilikoufundisha mimi.

Nilimpigia simu, ilikuwa imezimwa. Sijapata asubuhi ndefu kama ile. Nilifumua mshono ule ule mara tatu. Nilijiambia yeye ni mtu mzima, ana akili zake, kisha nikakumbuka kwamba habari yote hii ni habari ya mkono usiouliza akili. Saa saba na nusu alifungua mlango. Uso wake nilishindwa kuusoma. Alivua viatu, akavipanga, akaomba maji.

Alikuwa amefaulu. Alirudi nyuma na trela akalipachika kwenye nafasi yake kwa mara moja, wakatoka barabarani, wakaenda mpaka karibu na Heidelberg wakarudi. Mkono haukutetemeka. Nilimuuliza kama kuna mtu aliyemkatia mbele. Akasema hakuna, barabara ilikuwa nyeupe. Nilishukuru, nikapika biriani siku ya kazi, nikampelekea jirani wa juu sahani. Lakini furaha yangu ilikuwa na doa, na ya kwake pia, niliona. Mkono ulikuwa haujaulizwa kitu.

Wiki iliyofuata akapewa safari. Mitambo ya kwenda Kolwezi, kurudi na shaba. Kurudi maana yake ni mteremko ule, akiwa na mzigo ule. Hatukuuzungumza. Aliniambia tu kwamba akifika mpakani Kasumbalesa, upande wa kutokea, atapiga simu, kwa kuwa huko nyuma mtandao ni wa bahati.

Siku tisa nilikuwa hapa mwili tu. Mchana nilikaa Fordsburg nikipima watu mabega na kusahau vipimo, ikabidi niwapime tena. Jioni, watoto wakiwa na vitabu vyao, niliwasha ule mchezo na kuendesha mwenyewe, vibaya kama zamani. Nilichagua ule mteremko wake. Nilitaka kujua ni urefu gani. Ni mfupi, dakika nne tu kama huna haraka, na mara zote nilifika chini nimebana taya.

Siku ya kumi, mchana, simu iliita nikiwa na mteja amesimama katikati ya kibanda, pini zimemjaa. Nilimwacha hapo hapo. Ilikuwa namba ya Zambia, ameazima simu ya mtu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Alinieleza habari za foleni ya mpakani, malori yamepangana mpaka huoni mwisho, vumbi, maharage ya mama mmoja wa pale hayana chumvi. Aliuliza kama mtoto wa pili amepona kikohozi. Nilijibu yote hayo kwa adabu kadiri nilivyoweza, mpaka nikashindwa.

"Na pale je?" nilimuuliza.

"Pale wapi?"

Nilidhani hasikii vizuri. Nikarudia, pale, mteremkoni. Nilisikia injini za malori nyuma yake na mtu anapiga mluzi. Nikaitazama simu nione kama imekatika.

"Mama watoto," alisema hatimaye, na sauti haikuwa tena ya kawaida. "Mbona nilishapita."

Akawa anakumbuka huku ananisimulia, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni. Jana asubuhi. Mbele yake kulikuwa na basi linatoa moshi mweusi, amelifuata muda mrefu, amelikasirikia. Likasimama ghafla, bila hata kuwasha taa, kushusha abiria. Yeye akalikwepa, akapita pembeni yake kwenye majani, akamtukana dereva wake tusi la Kitanga, akarudi barabarani akaendelea kumtukana mpaka Lubumbashi. Nilimuuliza kwenye majani ya upande gani. Nilijua, lakini nilitaka aseme.

"Ya kulia," alisema.

Nilikaa chini, sakafuni, juu ya vipande vya vitambaa. Siku tisa nilikuwa nimeshuka mteremko ule kwa ajili yake, nimekosa usingizi, nimeharibu vipimo vya watu, na yeye amepita pale akiwa anagombana na basi. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia maneno mengi, na yote yalitoka yakiwa yamelowa, na upande wa pili wa simu nilisikia kwamba hata yeye machozi yamemshinda. Mteja wangu na pini zake aliniuliza kama kuna msiba. Nilimtikisia kichwa kwamba hapana, nikamwonyesha kwa mkono asubiri kidogo.